Naomba ushauri: cherehani inaruka mishono, safari ya Lushoto imekaribia

Habari zenu wapendwa. Nimestaafu ualimu mwaka jana, niko Tanga, na cherehani yangu ya miguu ndiyo ofisi siku hizi. Nawashonea wajukuu wanne nguo nzito za mikono mirefu, maana Julai tunapanda Lushoto siku tatu, na baridi ya kule haina utani. Kitenge inashona safi kabisa. Nikiweka kitambaa kinachovutika, inaruka mishono, na uzi wa chini unajikusanya kama kiota cha ndege. Nimetoa sindano namba 14 nikaweka 11, nimetia mafuta, wapi! Fundi anataka nimwachie wiki mbili (mara ya mwisho ilirudi bila bobini). Babu yao anasema tununue mitumba yaishe. Sitaki. Nianzie wapi jamani?