Kifaransa kilekile la pili mpaka la tano, michezo imeliwa na hesabu, na hela tunalipa. Wazazi wa Mbeya mnisikilize

Wazazi wenzangu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie nikirukaruka.

Wanangu wawili wanasoma shule moja ya ingilishi midiamu huku Mbeya, jina nalihifadhi maana watoto bado wapo pale. Tulipowapeleka tuliambiwa shule ina mambo mawili ambayo za jirani hazina, Kifaransa kuanzia chekechea mpaka darasa la mwisho na michezo kwa kila darasa, na kwenye fomu ya ada vyote viwili vina mstari wake, Kifaransa elfu hamsini kwa muhula, michezo elfu thelathini, kwa kila mtoto. Tunalipa. Risiti ninazo.

Sasa juzi nikachukua daftari la Kifaransa la mdogo wa darasa la pili na la kaka yake wa la tano nikayafungua pamoja. Jamani. Un, deux, trois mpaka dix. Rangi. Siku za wiki. Je m'appelle fulani. Kurasa zinafanana mpaka ile picha ya jua waliyochora pembeni, wa la tano mwandiko tu ndo umenyooka zaidi. Nikatoa madaftari yake ya zamani maana huwa situpi, la tatu hivyohivyo, la nne hivyohivyo. Kila Januari mtoto anaanzishwa upya kama hajawahi kuingia darasani halafu ripoti inakuja Kifaransa A. Hiyo A ya nini?

Baba yao ni dereva wa semi, anapiga njia ya Congo, anavuka Tunduma anakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi. Kifaransa chake kakiokota barabarani, na atakwambia mtaani Lubumbashi kwa Kiswahili utaelewana na watu vizuri tu, ila makaratasi na maofisa ni Kifaransa, usipojua unaliwa hela mchana kweupe. Ndo maana alikomaa watoto wasome. Jioni hiyo akapiga simu akamuuliza mkubwa taratibu kabisa, tu as mangé? Mtoto kimya. Akarudia. Mtoto akaanza kumtajia siku za wiki, lundi, mardi, mercredi. Kuulizwa tu kama amekula, jambo la kila siku, hajui ameulizwa nini!

Nilivyoenda shule nikaambiwa mwalimu wa Kifaransa ni mmoja, anazunguka madarasa yote, na vipindi havitoshi kwahiyo wanawaunganisha la tatu, la nne na la tano chumba kimoja. Mwalimu simlaumu hata kidogo, ukimwekea anayejifunza kuhesabu na anayetakiwa kutunga sentensi kwenye dawati moja lazima ashuke kwa yule wa chini. Namlaumu anayepanga ratiba na anayekusanya hela. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekiweka Kifaransa kama somo la kuchagua kuanzia darasa la tatu, sawa na Kiarabu na Kichina, siyo kitu cha kubuni kila mtu anavyojisikia. Shule ikiamua kuanza mapema chekechea ni vizuri, lakini basi wa la tano awe ameshafika mbali, asome hadithi fupi, aulize bei, amwelekeze mgeni njia. Na AFCON 2027 tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, zitakuja nchi kibao zinazoongea hicho Kifaransa, hawa watoto watakuwa wamekilipia tangu chekechea na hawataweza hata kumsalimia mtu akajibu wakaendelea.

Michezo sasa, hapa ndo nikikumbuka natetemeka.

La kwanza na la pili wanacheza kweli, siwezi kusema uongo, mchakamchaka upo, rede ipo, kamba zipo, mdogo anarudi soksi nyekundu kwa vumbi. Ukifika la tatu vipindi vinaanza kupungua, la nne vinakufa kabisa, kisa mtihani wa taifa, na mtihani ukipita havirudi. Ratiba ukutani imeandikwa michezo Jumatano na Ijumaa, ukimuuliza mtoto anasema tulifanya hesabu. Raba za mkubwa tulizilazimishwa kununua Januari, nyeupe za aina moja wote, mpaka leo soli haina hata alama ya udongo. Mipira imefungiwa stoo. Nusu ya uwanja yanapaki mabasi ya shule, na goli moja la netiboli limeng'oka halijarudishwa, kwahiyo wasichana wa madarasa ya juu hata wakiruhusiwa watoke wanakuja kusimama tu.

Mtoto anapanda basi gizani, na baridi la Uyole mwezi wa sita mnalijua, anakaa kwenye kiti mpaka jioni, akirudi homuweki. Acheze saa ngapi? Shirika la Afya Duniani linasema wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, wetu hata kwa wiki hawazifikishi. Na wanaonyimwa ni walewale wa umri wa kuchaguliwa UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Timu ya kata inaundwa wetu hawaonekani, mtoto hajagusa mpira tangu la tatu utampeleka akafanye nini? Mkoa huu umetoa Tukuyu Stars iliyobeba ubingwa wa Bara 1986, vipaji havijaisha, vimefungiwa darasani.

Mama mmoja alihoji kwenye grupu la wazazi akajibiwa kama hajaridhika amhamishe mtoto. Yaani hela yetu waichukue na mdomo watufunge.

Kikao cha wazazi kiko karibu na safari hii naenda na madaftari yote na risiti zote. Nataka la tatu, la nne na la tano watenganishwe, na michezo irudi mpaka darasa la mwisho au tusilipishwe. Wa Iringa, Njombe, Tukuyu, kwenu ikoje? Na kama kuna aliyewahi kufikisha jambo kama hili kwa wathibiti ubora wa shule wa wilaya aniambie alianzia ofisi gani na alibeba nini.