Ardhi ya mboji ikiungua, hupona?

Mjukuu wa Mokowe: Assalaam aleikum. Ami yangu baharia alifika Kalimantan, Indonesia, mwaka 2015. Asema moshi ulifunga jua mchana, na moto wenyewe uko chini ya ardhi! Udongo huunguaje? Na ukishaungua, hupona?

Fundi Boriti, Amu: Waaleikum salaam mwanangu. Si mchanga kama wa Shela huo. Mboji ni mabaki ya mimea yaliyolala majini maelfu ya miaka; hewa haifiki, hayaozi yakaisha. Watu wakachimba mitaro kuyatoa maji wapande michikichi. Ikikauka, huungua kama tanuri la makaa: polepole, bila ndimi, hata miezi, mpaka mvua kubwa ije.

Kupona je? Majani hurudi upesi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mboji yenyewe huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, basi nusu mita iliyoteketea piga hesabu wewe. Moto ukipita juu tu, na chini kumelowa, kaboni nyingi (ile iliyomo katika mabaki ya mimea, ambayo ikiungua hupanda hewani) husalia. Ndiyo maana huko sasa wanaziba mitaro, maji yapande tena. Kupanda miti juu ya ardhi kavu ni kulisha moto ujao, kwa maoni yangu.

Bint Pate: Na tope la mikoko yetu, fundi?

Fundi Boriti, Amu: Nalo limeficha kaboni kwa sababu iyo hiyo, hewa haba. Ila bahari hujaa na kupwa kila siku, moto hauna nafasi. Balaa letu ni shoka, na mimi boriti ndiyo kazi yangu, sisemi zaidi.