Mpigaji wa futiboli ya Kimarekani: njia ya Vinatieri, ya Andersen au ya Aubrey?

Baba Neema, Columbus, Ohio
Wakuu, naombeni mawazo. Kijana wangu ana miaka 16, beki wa kushoto kwenye timu ya soka ya shule. Kocha wa futiboli ya Kimarekani alimwona akipiga mipira mirefu, akamwita awe mpigaji wao, yule anayepiga mpira upite kati ya milingoti kwa pointi 3. Jumamosi nikaenda naye uwanjani. Kocha alipiga goti, akausimamisha mpira kwa ncha ya kidole, nyuzi zikitazama milingoti, akamwambia: hatua tatu nyuma, mbili pembeni, na usinyanyue kichwa mapema. Wa kwanza ulikwenda kulia. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipita katikati kabisa, nikamwona mtoto anacheka peke yake. Tangu siku hiyo haongei jambo jingine.

Nimesoma maisha ya wapigaji watatu: Adam Vinatieri, aliyecheza misimu 24 na kufunga pointi 2,673, rekodi ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), Morten Andersen wa Denmark, misimu 25 na mechi 382, hakuna aliyecheza nyingi zaidi, na Brandon Aubrey wa Dallas, aliyeanzia soka. Kijana ashike njia ipi? Mama yake hataki aache soka wala masomo.

Mwana wa Mtwapa
Vinatieri, mkuu, bila kusita. Mimi niko Boston, na watu wa huku wakimtaja husimama kidogo. Alisoma South Dakota State, hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya, akaenda kupiga mpira Amsterdam kwanza. Patriots wa New England, timu ya huku, wakamchukua mwaka 1996.

Tarehe 19 Januari 2002 walicheza na Raiders theluji ikimwagika, mistari ya uwanja haionekani. Patriots wako nyuma kwa pointi 3, muda unaisha. Yadi 45, takriban mita 41, na chini kunateleza. Ukitazama picha utaona hakuupiga kwa nguvu zote, aliogopa mguu wa kusimamia usimkimbie. Mpira ukaenda chini chini, ukapita. Zilibaki sekunde 27. Kwenye muda wa nyongeza akapiga wa yadi 23, wakashinda 16–13. Baada ya wiki mbili akapiga wa yadi 48 dakika ya mwisho kabisa ya Super Bowl, fainali ya NFL, wakawafunga Rams 20–17. Baadaye akahamia Indianapolis, akapata pete ya nne ya ubingwa huko. Mtu aliyekataliwa na wote!

Mama Salim, Minneapolis
Shemeji Baba Neema, shikamoo. Hapa kwetu kuna jina lingine la kulitazama kabla ya hayo matatu: Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini. Msimu wa 1998 alikuwa Vikings, timu ya hapa, akapiga 35 akapata zote 35 kwenye msimu wa kawaida. Hajakosa hata moja. Halafu tarehe 17 Januari 1999, mechi ya kuingia Super Bowl, Vikings wanaongoza 27–20, akapewa wa yadi 38. Ukapita nje, kushoto. Atlanta wakasawazisha, na kwenye muda wa nyongeza nani akaja kupiga? Morten Andersen. Umbali uleule, yadi 38. Ukaingia.

Wenyeji wa hapa bado wanalizungumza teke lile kuliko yale 35. Andersen aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa futiboli mwaka 2017, na ukumbi wenyewe uko Canton, hapo kwenu Ohio. Mpeleke mtoto. Lakini muulize kwanza kama atalala usiku siku akikosa, mbele ya wenzake waliopigwa na kuumia ili yeye apewe nafasi hiyo.

Kipanga wa Dallas
Mimi namchagua Aubrey. Alicheza soka Notre Dame, Toronto FC wakamchagua mwaka 2017, soka likagoma, akawa mhandisi wa programu za kompyuta. Siku moja anatazama futiboli nyumbani, mkewe akamwambia hata wewe ungeweza hiyo. Akatafuta mwalimu, akajifua, akapita ligi ndogo ya USFL kule Birmingham. Mwaka 2023 Cowboys, timu ya Dallas, wakampa nafasi akiwa na miaka 28, akaanza kwa kupiga 35 mfululizo bila kukosa.

Kaka, NFL ina timu 32 na kwa kawaida kila timu ina mpigaji mmoja. Nafasi 32 nchi nzima! Masomo yawe mbele. Cheti kilimlisha Aubrey miaka yote ile.

Mwana wa Mtwapa
Sikatai masomo, Kipanga. Ila usimwambie mtoto asubiri mpaka 28. Kupiga mpira huu ni ufundi wa pekee: mpira unarushwa nyuma, unashikwa, unapigwa, yote ndani ya sekunde moja na kitu. Mwili unahitaji miaka kuuzoea. Andersen mwenyewe alifika Indianapolis mwaka 1977 kusoma mwaka mmoja tu, kijana wa soka, akaujaribu mpira huu shuleni, na mguu huo ukampeleka Michigan State. Alijaribu akiwa na umri kama wa huyu mtoto wetu.

Baba Neema
Marahaba, Mama Salim, na asanteni wote. Tatizo la Ohio ni kwamba soka na futiboli zote zinachezwa vuli. Nimekaa na makocha wawili: futiboli ni Ijumaa usiku, soka siku nyingine, na mazoezi ya kupiga atafanya mara mbili kwa wiki baada ya soka. Alama zikishuka, futiboli inaondoka kwanza, na amekubali.

Swali la Mama Salim nilimuuliza kwenye gari. Alinyamaza mpaka tukafika nyumbani, akasema, "Sijui baba, sijawahi kukosa kitu kikubwa." Nimeliheshimu jibu hilo.

Jioni wako uwanja wa nyuma ya kanisa. Neema, miaka 11, ndiye anayemshikia mpira. Siku ya kwanza alikuwa anatoa kidole kabla ya teke, mpira unaanguka. Jana hakukitoa.