Mjadala: Asidi ya kuchubua uso iwe kazi ya saluni, au ya daktari wa ngozi peke yake?

Daktari wa ngozi:
Naanza kwa kusema wazi ninachokitetea. Kuchubua uso kwa asidi, yaani kuondoa tabaka la juu la ngozi, kuondolewe saluni kabisa, kubaki kwa madaktari wa ngozi. Asidi ya glaikoli ya asilimia 70 inaunguza ikizidishwa hata dakika moja, na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde haisahau kuungua. Seli zinazotengeneza rangi huchachamaa, na palipoungua panabaki doa jeusi kwa miezi. Mteja aliyekuja kutibiwa madoa ya chunusi anatoka na madoa mapana kuliko aliyoingia nayo.

Mtaalamu wa urembo:
Daktari, umechukua asilimia 70 ukaifanya kipimo cha saluni zote. Jopo la Cosmetic Ingredient Review la Marekani, linalopima usalama wa viambato vya vipodozi, liliweka mipaka ya glaikoli tangu miaka ya 1990. Bidhaa ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10, na pH yake, kipimo ambacho kikishuka ukali wa asidi unapanda, isishuke chini ya 3.5. Ya saluni, mikononi mwa aliyefunzwa, isizidi asilimia 30 na pH isishuke chini ya 3.0, ikae muda mfupi, isuuzwe yote, na mteja ajikinge na jua.

Ndani ya mipaka hiyo kazi ina utaratibu wake. Uso unaoshwa na kukaushwa kabisa. Vaselini inapakwa pembe za macho, mikunjo ya pua na midomo, kwa kuwa asidi hupenda kutuama huko. Brashi inaanzia paji la uso, mashavu yanafuata. Saa inaanza kuhesabu brashi inapogusa uso, si inapomaliza. Mara ya kwanza dakika 1 hadi 2 zinatosha. Nyongeza ije siku nyingine, baada ya wiki 2 hadi 4. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, hauonekani mapema. Muulize mteja kila nusu dakika mwasho umefika ngapi kati ya 10. Pakianza kuwa kijivu au peupe, zimua, yaani komesha asidi, hapo hapo kwa maji ya baikaboneti ya soda, hata kama muda haujaisha. Povu likiendelea kutoka, asidi bado ipo.

Mfamasia:
Nyote wawili mnazungumzia asilimia. Asilimia bila pH haielezi nguvu ya chupa. Kinachopenya kwenye ngozi ni ile sehemu ya asidi iliyo huru, yaani ambayo haijageuka chumvi. Kwa glaikoli, pH ikiwa 3.8 nusu tu ndiyo huru. Ikishuka hadi 3.0, sehemu huru inapanda hadi takriban asilimia 86. Kwa hiyo chupa mbili zilizoandikwa "30%" zinaweza kutofautiana karibu mara mbili, ya kwanza ikifanya kazi kama asilimia 15 na ya pili kama 26. Chupa isiyotaja pH isipakwe usoni kwa mtu.

Jambo la pili, hizi asidi hazizimuliwi kwa njia moja. Baikaboneti inazimua glaikoli. Salisili, asidi nyingine ya kuchubua, haiihitaji: alkoholi iliyoiyeyusha ikishakauka, inajikomea yenyewe na kuacha unga mweupe. Asidi ya trikloroasetiki, ile wanayoiita TCA, haizimuliwi kwa maji wala kwa baikaboneti. Imeshagandisha protini za ngozi, na kina chake kinategemea umepaka mara ngapi. Hapa ndipo watu wanaponaswa na weupe. Weupe wa salisili ni chembe zilizokauka, ukipangusa zinatoka. Weupe wa TCA ni ngozi yenyewe, haupanguswi. Aliyezoea salisili akishika TCA, atauona weupe, atadhani ni unga, ataongeza mkono wa pili na wa tatu. Hivyo ndivyo makovu yanavyopatikana.

Daktari wa ngozi:
Hilo la pH nakubali. Lakini chupa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ngozi iliyolala kitandani, na hapo ndipo ninapoogopea saluni. Mteja anayetumia mkorogo mara nyingi anajipaka klobetasoli ya asilimia 0.05, haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, pengine na zebaki. Klobetasoli, ambayo ni steroidi, inakondesha ngozi, na asidi iliyokusudiwa kuishia juu inazama kwa kasi, tena kwa mabaka. Dalili zipo: mishipa myembamba inaonekana mashavuni, vinyweleo vimeongezeka usoni, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi huku mikono imeng'aa. Ukimuuliza "unatumia mkorogo?" atakataa. Mwambie aje na kila kopo analojipaka, usome mwenyewe. Na usimwambie aache ghafla ili umchubue wiki ijayo, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla uso unawaka na kuvimba. Huyo anapunguziwa dawa taratibu chini ya uangalizi, na asidi inasubiri.

Mtaalamu wa urembo:
Nakubaliana na kila neno hapo, ila sioni linavyomhusu mwenye saluni peke yake. Daktari asiyeuliza ataunguza vilevile. Dodoso zuri linauliza pia tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, ambayo isitishwe karibu wiki moja kabla, na waksi ya uso, ambayo nayo inahitaji wiki. Kisha tunajaribu nyuma ya sikio.

Daktari wa ngozi:
Jaribio la nyuma ya sikio linakuonyesha mwasho na mzio. Doa jeusi halitabiri, kwa sababu linaweza kujitokeza wiki 2 au 3 baadaye. Ukijaribu leo ukachubua kesho kutwa, hujajua lolote kuhusu rangi.

Mkufunzi wa urembo:
Madhara mengi huanzia siku za baada ya huduma, na hamjazigusa. Krimu ya jua iwe ya SPF 30 na zaidi, na namba hiyo ya kinga hupimwa krimu ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa uso na shingo hiyo ni mistari miwili iliyojaa ya krimu, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Wengi wanapaka nusu yake. Kwa ngozi nyeusi chagua yenye oksidi ya chuma, ile yenye rangi, maana mwanga wa kawaida unaoonekana nao unazidisha madoa na krimu nyeupe hauzuii vya kutosha. Magamba yasibanduliwe, na tretinoini isirudi kabla hayajaisha.

Daktari wa ngozi:
Basi nalegeza hivi: glaikoli hadi 30, pH 3.0 na kuendelea, ngozi isiyo na kidonda wala mkorogo, saluni ifanye. TCA ya nguvu yoyote, hapana.

Mtaalamu wa urembo:
TCA chukua, sina ugomvi. Salisili ya asilimia 20 usiinyang'anye, kwa chunusi za ngozi nyeusi ni miongoni mwa zilizo salama zaidi.

Mfamasia:
Usoni, sawa, kama mteja hana mzio wa aspirini wala si mjamzito. Mgongo na kifua kwa siku moja, nakataa hata kwa daktari. Eneo likiwa kubwa salisili inaingia kwenye damu, na mteja akisema masikio yanavuma, kichwa kinazunguka au anahema haraka, suuza yote na apelekwe hospitali.