Mkate wa chachu ya asili umeungua chini, juu mweupe

Wakuu, jiko langu la gesi la kuchomea nyama lina vichomeo 3. Jana mkate umetoka chini kaa tupu, juu mweupe pe! Nakosea wapi?

— Umeuweka juu ya moto, mkuu. Zima kichomeo cha kati, washa vya pembeni. Mkate ukae katikati, kwenye sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko: dakika 20 umefunikwa, 20 wazi, nyuzi 230 hivi.

— Na ukioka piza, jiwe la kuokea lipashe moto nusu saa nzima kwanza. Na acheni kufunuafunua jiko, joto lote linapotea.

— Duh, mimi nilichungulia kila dakika mbili! Jumamosi narudia.