Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Toyota IST imekufa kweli? Niko Tanga

Wakuu, salaam. IST yangu inazimika njiani, ikipoa inawaka. Fundi wa Ngamiani kapima kwa mashine ya kusoma hitilafu, haisomi kitu, kaniambia nitafute kontroli boksi nyingine. Nikubali?

Jibu: Tulia kwanza, mkuu. Pima fyuzi, rilei na waya za hasi. Chumvi ya bahari hapa kwetu inazila. Kisha chomoa sensa za injini moja moja. Moja ikipiga shoti inaangusha zile volti 5 ambazo boksi linazipa sensa, boksi linaonekana maiti kumbe zima.

Jibu: Ukilazimika kubadili, namba ya boksi inayoanzia 89661 ilingane hadi mwisho. Ufunguo ukiwa na chipu, boksi la mtumba halitawasha mpaka lisajiliwe.

Muulizaji: Asanteni. Hasi ya injini ilikuwa kijani tupu. Tumeikwangua, mashine inasoma. Fundi kanuna.