Nageuza leja ya zamani iwe kitabu cha Ufaransa, kurasa zinajikunja na sijui nianzie wapi

BintiNyegezi

Habari za jioni wadau wa kazi za mikono. Nipo Mwanza, Nyegezi huku, nina kitu kinanisumbua wiki ya tatu sasa naomba mnisaidie. Nilinunua kitabu kikubwa cha zamani kwenye mitumba Mlango Mmoja, ni leja ya mahesabu, jalada gumu, kurasa kama 200 hivi na zilizoandikwa ni robo tu, nikasema hiki nitakigeuza kiwe kitabu changu cha Ufaransa. Nasoma Kifaransa mwenyewe nyumbani kwa simu, mwaka wa pili huu, na nataka nikae na historia yao na utamaduni wao kwa mikono yangu, nikate, nibandike, nipake rangi juu ya kurasa zenyewe, mtu akifungua akutane na vidirisha na mifuko ya karatasi na vitu vya kukunjua, isiwe daftari la kubandika picha.

Sasa shida. Nilibandika kurasa tatu tatu kwa gundi nyeupe ya mbao ili ziwe nene, asubuhi nakuta zimejikunja kama mkeka ulionyeshewa na zimeng'ang'ania hata zile ambazo sikuzipaka. Juzi nikapaka rangi ya bluu ukurasa wa Versailles, lile jumba la wafalme wao, nikaacha kitabu wazi dirishani kikauke usiku na taa inawaka, wakaja wale wadudu wa ziwani, mnawajua wanavyokuja kama moshi, ukurasa mzima umejaa wadudu, nililia kwa kweli. Na kitabu hakifungi tena, kimeachama kama mdomo wa sangara.

Halafu la pili ndo linaniumiza zaidi. Mpaka sasa nina Mnara wa Eiffel, mkate mrefu na Napoleon. Nikifungua naona kama kalenda ya ukutani, hakuna kitu humo kinachonihusu mimi wala mtu wa huku. Nyie mngeanzia wapi?

FundiJalada

Dada pole sana, hiyo ya wadudu imenigusa. Nimefanya kazi ya kujalidi vitabu miaka mingi hapa Kirumba, ngoja nikwambie ninavyofanya.

Gundi ya mbao ni nzuri ila ina maji, ukipaka kwa brashi iliyojaa karatasi inakunywa, inavimba upande mmoja, ikikauka inajikunja. Chukua kipande cha kadi ngumu, weka gundi kidogo katikati ya ukurasa, vuta kwenda pembeni mpaka uone karatasi inang'aa kidogo tu, haina michirizi. Bandika mbili, usibandike tatu. Kabla hujafunga weka nailoni pande zote mbili ili zisishike jirani zake, funga kitabu, weka tofali mbili juu zilizozungushiwa gazeti, lala. Asubuhi toa nailoni umwekee gazeti kavu, rudisha tofali siku nzima nyingine. Jua usilitumie kabisa, linavuta upande mmoja, na hewa yetu ya ziwani ikirudi usiku karatasi inalegea tena.

Kitabu kuachama ni kwa sababu unaongeza na hupunguzi. Kila unachobandika kinene lazima utoe karatasi mahali pengine. Lakini usichane mpaka kwenye mgongo! Fungua katikati ya fungu moja la karatasi zilizokunjwa pamoja uangalie, leja za zamani nyingi zimeshonwa kwa uzi, na kwenye kitabu cha kushona kila karatasi ni nusu ya karatasi ndefu iliyokunjwa, mwenzake yuko upande wa pili wa uzi. Ukiing'oa hii, baada ya wiki ile nyingine nayo inachomoka yenyewe unabaki unashangaa. Kata kwa wembe na rula, acha kisiki cha sentimita moja hivi. Na hivyo visiki ni mali, ndo pa kubandikia vitu vya kukunjua na mifuko.

Kabla ya rangi yoyote pitisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani, nyembamba, inaziba karatasi isinywe. Kazi ya rangi ifanye asubuhi iwe imekauka kabla ya taa kuwaka. Wale wadudu waliokwishanata usiwafute na kitambaa kibichi, subiri wakauke kabisa halafu wapitishie brashi laini, wanadondoka. Na usije ukatumia uji wa ngano badala ya gundi, mende na panya watakula kitabu chote na Napoleon wako.

MwalimuWaZamani

Binti yangu, mimi nilifundisha historia, nikajibu hilo la pili maana ndilo gumu.

Anzia pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Nenda asubuhi simama karibu na mizani, sikiliza, dagaa kilo, sangara kilo. Hiyo kilo ni ya Ufaransa. Kabla ya mapinduzi yao kila mji ulikuwa na kipimo chake, urefu walipimia kitu walichokiita mguu wa mfalme, na bwana mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na chombo cha kupimia nafaka ambayo mkulima anamlipa, sasa fikiria mkulima huyo anapunjwaje. Mwaka 1789 wananchi walipoandika malalamiko yao kumpelekea mfalme, jambo la vipimo lilirudi rudi sana humo. Bastille, gereza la mfalme pale Paris, ikavamiwa tarehe 14 Julai mwaka huohuo, na 1795 ikatoka sheria ya mita, lita na gramu. Watu wengi wakisikia Mapinduzi ya Ufaransa wanawaza kukatwa vichwa tu, mfalme Louis wa 16 alikatwa Januari 1793, ni kweli, lakini mizani ya muuza dagaa nayo imetoka humohumo.

Na mita yenyewe waliipata kwa miguu. Wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, walitumwa 1792 kupima kutoka Dunkerque kaskazini mpaka Barcelona, mmoja akaelekea kaskazini mwingine kusini, vita vimewaka, wanakamatwa wanadhaniwa majasusi, wakamaliza 1798. Mita ikawa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta.

Kwa hiyo fanya hivi, tengeneza utepe wa karatasi wa mita moja kamili, ukunje vipande kumi vya sentimita kumi kumi, bandika kwenye kisiki alichokisema fundi. Mtu akiuvuta unatoka kitabuni mita nzima, mwanzo umeandika Dunkerque, mwisho Barcelona, katikati Paris na miji waliyopitia. Mnara wa Eiffel usiutoe, ulifunguliwa 1889, miaka 100 baada ya Bastille, uuweke baada ya huo utepe utaona unavyobadilika maana.

Na karibu zaidi na wewe kuna Bukumbi. Wale Mapadre Weupe walioanzisha misheni pale 1883 shirika lao lilianzishwa na Lavigerie, Mfaransa, kule Algiers mwaka 1868. Kabla ya hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walishavuka ziwa hili kwa mtumbwi wakitokea huku kwetu kusini, wakafika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Hata divai unayoisikia kanisani ni neno lao, du vin.

KijanaWaUkerewe

Shikamoo mwalimu. Dada nami nina mawili. Kwanza hiyo leja umeisoma kabla ya kuipaka rangi? Mimi kukata kitabu ambacho mtu ameandika kwa mkono wake roho inaniuma, kitabu cha kiwandani kipo kingine ila hicho kipo kimoja tu duniani. Soma kwanza ujue nini kinafichwa na nini kinabaki.

Pili, usiifanye Ufaransa tamu tupu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wao Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vyao vya Bahari ya Hindi kwenye mashamba. Watu wetu hao. Mapinduzi yakafuta utumwa 1794, Napoleon huyohuyo uliyemchora akaurudisha 1802, ukafutwa tena 1848. Kama Napoleon ana ukurasa basi na Kilwa iwe na wake, na usiwe nyuma kabisa.

FundiJalada

Kijana ameongea. Dada, ukurasa unaotaka kuuokoa usiubandike, ukatie dirisha kwenye ukurasa wa mbele yake, maandishi yaonekane kupitia pale. Chini weka kipande cha kioo au ubao wembe usipenye. Pembe zikate kutoka kwenye kona kuja ndani, ukimalizia konani inachanika.

BintiNyegezi

Shikamoo mwalimu, wabeja sana wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilienda kuisoma leja kama kaka wa Ukerewe alivyosema, na kweli sikuwa nimeisoma, nilikuwa naona ni namba tu.

Ni ya pamba. Majina ya wakulima, magunia, uzito, malipo. Kurasa za mwanzo wanaandika lbs, nikamuuliza mzee jirani akasema ni ratili hizo, ndo walikuwa wanapimia zamani. Halafu kuna mahali karani amepiga mstari mrefu kwa wino mwekundu upande hadi upande, na kuanzia chini ya mstari wote wanaandikwa kilo. Mwandiko uleule, wakulima walewale.

Ukurasa huo siupaki rangi. Nimekata dirisha kwenye ukurasa ulioko mbele yake, unaona ule mstari mwekundu tu, na kwenye kisiki kinachofuata nimebandika utepe wa mita, gundi kidogo kama fundi alivyosema. Napoleon nimemhamisha akae uso kwa uso na Kilwa, kitabu kikifungwa wanagusana.

Sasa hivi kiko chini ya tofali mbili. Kesho alfajiri naenda Kirumba nikachore ile mizani.